Muulize Shangazi wa Mwaloni: Papa wa Paje, mamba wa nyumbani

Mwezi huu barua zimejaa maji. Za ndoa zipo tatu nimeziweka pembeni, watu wa ndoa mtanisamehe mpaka toleo lijalo, maana kuna baba mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, ameniandikia kitu nikacheka alafu nikakaa nacho siku nzima, na wakati namjibu nikakumbuka nina barua nyingine za ziwani zimelala tangu mvua za vuli. Basi leo ni maji mwanzo mwisho.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Nyakato, nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka huu nimejibana kweli nimelipia familia siku tano Zanzibar, kule Paje, mimi nijifunze kaitisafi, ule mchezo wa ubao na tiara kubwa, wife na watoto wapelekwe na boti kufanya snokeli, kule kutazama samaki kwa miwani na mrija wa kupumulia. Sasa wiki iliyopita shemeji yangu katuma video kwenye grupu la familia, papa anamfuata mtu kwenye ubao, hata sijui ni nchi gani, na toka siku hiyo wife kagoma kabisa, anasema watoto wake hawaendi kuliwa. Hela ya hoteli nusu hairudi. Shangazi sisi kila Jumapili tunaenda kuogelea ziwani upande wa Igombe, watoto wanacheza majini mpaka jua linazama na hajawahi kuogopa hata siku moja! Nimwambie nini? Na mimi mwenyewe nikiri tu, nikifumba macho namuona yule papa.
Baba Wawili, Nyakato

SHANGAZI: Marahaba mwanangu, na kwanza usimcheke mama watoto. Kuogopa mdomo wenye meno sio ujinga, ukisikia kuna kitu kinaweza kukutafuna ukiwa hai akili haingoji takwimu. Ila umeniuliza umwambie nini, basi twende taratibu.

Marekani, pale Chuo Kikuu cha Florida, kuna watu wanatunza daftari la kila aliyeumwa na papa duniani, wanafuatilia mmoja mmoja, alikuwa wapi, anafanya nini, na wale waliojitakia wanawatenga kabisa, yaani aliyemshika papa mkia, aliyekuwa anamlisha, aliyekuwa anamchomoa kwenye ndoano. Wasiojitakia mwaka 2023 walikuwa 69 na waliofariki 10. Mwaka 2024 wakashuka mpaka 47, wakafa 4. Dunia nzima hiyo, Australia yote, Marekani yote, visiwa vyote. Watu 47 ni abiria wa kosta mbili za Kisesa, tena kosta ambazo konda kawa muungwana hajasimamisha mtu.

Mama watoto atakujibu hizo ni habari za dunia, wangu ni wawili tu. Na ana haki kabisa, kwa hiyo tuache dunia tuangalie Paje penyewe.

Papa wako aina zaidi ya 500 na wengi wao hawana habari na wewe, wengine hawafiki hata mita moja. Wanaosumbua hasa ni watatu, yule mweupe mkubwa, yule mwenye mistari wanayemwita taiga, na yule mnene mwenye kichwa butu anayependa kuingia mitoni. Hao wakubwa wanawinda penye mawindo, kwenye maji ya tope, kwenye midomo ya mito, pale wavuvi wanapotupa utumbo wa samaki, na alfajiri na jioni giza linapoanza kuingia. Sasa kaitisafi ya Paje inachezewa ndani ya mwamba wa matumbawe, maji ya kiunoni mpaka kifuani, meupe unaona mchanga, wimbi kubwa linavunjikia kule nje kwenye mwamba, na maji yakipwa unabaki unatembea kwa miguu mbali huko kwa kina mama wa mwani. Siwezi kukwambia bahari yetu haina papa, nitakuwa muongo, wapo na wavuvi wanawaleta mnadani kila siku na papa mkavu wa nazi ni chakula cha heshima zake. Ila ukipiga hesabu ya nani anamla nani pale Bahari ya Hindi, papa ndo anayetakiwa agome safari. Watafiti mwaka 2013 walikadiria binadamu tunaua papa milioni 100 hivi kwa mwaka.

Lakini nisikuuzie maneno matamu tu. Kuna mahali kwenye bahari hiyohiyo yetu hofu ya mkeo ingekuwa sahihi kabisa. Kisiwa cha Reunion, kiko mashariki ya Madagaska, kuanzia mwaka 2011 papa walianza kuua watu wa ubao mmoja baada ya mwingine mpaka mwaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea na kuteleza kwa ubao sehemu kubwa ya pwani. Pale ukimwambia mtu "dunia nzima wanakufa wachache" anakuona chizi. Na unajua walikoruhusiwa kuendelea kuogelea? Maji ya ndani ya mwamba. Maji ya aina ya Paje. Hilo mwambie mama watoto kabla ya namba zote nilizokupa.

Sasa huko Paje kitakachokuumiza kweli mwanangu ni upepo. Kaitisafi ni tiara lenye nguvu ya kukuinua mtu mzima na kukuburuza mchangani, na zile kamba zikikazwa zinakata, kwa hiyo usikodi vifaa ukajifundishe mwenyewe kwa sababu uliona mtu anafanya ukaona rahisi, chukua mwalimu, vaa helmeti, na kitu cha kwanza umuombe akuonyeshe jinsi ya kuliachia tiara kwa mkono mmoja hata ukiwa umechanganyikiwa. Kwa wife na watoto kwenye snokeli shida ni mkondo maji yanapopwa, propela ya boti, na mtu kunywa maji kupitia ule mrija akapaniki. Muulizeni nahodha maswali mawili kabla ya kulipa, jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto lipo au mnatoa ya watu wazima tu, na leo maji yanapwa saa ngapi. Akianza kuzunguka tafuteni mwingine, wako wengi. Na kama kuna boti inamwaga chakula majini ili wageni waone samaki wengi, hiyo msipande, sio kwa ajili ya papa tu.

Haya, hapo kwako nimemaliza, sasa turudi Igombe. Ile sentensi yako ya "mpaka jua linazama" nimeisoma mara tatu.

Mwanangu, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 walikufa maji watu kama 300,000, na wengi wao watoto na vijana wa nchi kama zetu. Kwenye ziwa letu hili la Victoria Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja kadirio la watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka, wavuvi na wasafiri. Wapo wanaoona kadirio hilo ni kubwa, sawa, ligawe mara mbili, ligawe tena mara mbili, bado unabaki na watu wengi kuliko papa wa dunia nzima aliowaua kwa miaka mingi. Alafu hao hakuna anayewarushia kwenye grupu la familia. Anakufa kijana wa dagaa, anazikwa, kesho yake karabai zinawashwa watu wanaingia kazini.

Mi mwenyewe nilikuwa na miaka kumi na moja, tunavuka kwa mtumbwi kuja Kisorya maana kivuko kilikuwa kimeharibika, asubuhi ziwa kioo kabisa, tukafika katikati upepo ukaamka hivihivi bila hodi. Mtumbwi ulivyojaa maji mama alinitupia dumu tupu la mafuta ya kula, lile la njano la lita ishirini, akasema kumbatia usiachie hata nikikuita. Nikakumbatia. Mpaka leo nikiona dumu la njano nasimama kidogo. Kwenye ule mtumbwi tulikuwa watu tisa na jaketi sifuri, na nina uhakika kabisa hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameogopa wakati tunapanda.

Kwa hiyo usimbishie wife mambo ya papa, utashinda mjadala na safari itakufia mkononi. Nunua jaketi mbili za watoto hapahapa Mwanza, zilizo na mkanda wa kupita katikati ya miguu ili lisimvuke kichwani, wavae Jumapili Igombe wazizoee, alafu wasafiri nazo. Akiona watoto wanaelea Igombe roho itatulia kuhusu Paje. Na Igombe mtoke majini saa kumi na moja. Sababu iko kwenye barua ya vijana wa Luchelele hapo chini.

SWALI: Shangazi, kwa heshima zote, toleo lililopita uliandika kwamba nazi zinazodondoka zinaua watu wengi kuliko papa. Nafundisha hesabu, nimetafuta hiyo namba ilikotoka sijaipata. Pia naona mnapenda kulinganisha papa na kufa maji, lakini watu wengi hawaendi baharini kabisa, hivyo lazima papa waonekane wachache. Si ni kudanganya kwa takwimu?
Mwalimu, Sengerema

SHANGAZI: Mwalimu nimekamatwa. Ile ya nazi niliiokota nikairudia kama kasuku, nilivyokuja kuifuatilia nikakuta hakuna hesabu ya maana nyuma yake, watu wanarithishana tu. Naifuta. Waliomsimulia mtu wamsimulie tena.

Na la pili nalo ni kweli, ndo mana nimemtoa yule baba kwenye namba za dunia nikampeleka Paje. Muuza vitenge wa Makoroboi ambaye hajawahi kuonja maji ya chumvi hawezi kuumwa na papa hata akitaka, ukimuweka kwenye hesabu unaipunguza hatari kwa hila. Unatakiwa uhesabu wanaoingia majini tu, tena wanaofanya kitu kilekile, mahali palepale, saa ileile. Fanya hivyo uone. Jimbo la Florida ndo linaongoza Marekani kwa kuumwa na papa, fukwe zake zinapokea watu kwa mamilioni kila mwaka, walioumwa 2023 ni 16, mwaka 2024 ni 14, na kwa miaka hiyo miwili hakuna aliyekufa kule, maana wengi wanang'atwa na papa wadogo wanaofukuza samaki kwenye povu la mawimbi, anauma mguu akidhani ni samaki, anaachia anakimbia. Kwa hiyo hata ukigawa vizuri Mwalimu namba bado inabaki ndogo, ila mtu wa ubao anayeingia alfajiri kwenye mdomo wa mto yeye ana namba yake tofauti kabisa na mama anayelowesha miguu saa nne asubuhi, na ukiwaweka kwenye wastani mmoja umewadanganya wote wawili.

Mimi naongeza na jambo ambalo hesabu yako haitalikamata. Nikiogopa kitu nauliza naweza kukipunguza kwa shilingi ngapi. Afrika Kusini, Durban, waliweka nyavu za papa tangu mwaka 1952, na nyavu zile sio ukuta kama watu wanavyofikiri, ni nyavu za kutega kama za kwetu zinazopunguza papa wa eneo lile, papa anaweza kupita pembeni au chini yake, na humo wanaangukia pomboo na kasa ambao hawana kosa. Gharama kubwa hiyo. Kumbe kufa maji ziwani unakupunguza kwa jaketi moja na kutokunywa bia kabla ya kupanda mtumbwi. Ndo mana nalia na jaketi kila siku mpaka mnanichoka.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha pili, Kirumba. Kuna mtu kijiweni kasema papa anaweza kupanda Mto Nile kutoka baharini mpaka Ziwa Victoria kwa sababu kuna papa wa maji baridi. Wenzangu wamecheka ila mimi nimeona kwenye simu kweli kuna papa wa mtoni. Nani yuko sahihi?

SHANGAZI: Marahaba mjukuu. Nusu nusu, na hiyo nusu ya kijiweni sio ya kuchekwa.

Yule papa mwenye kichwa butu niliyemtaja juu anaishi maji ya chumvi na maji baridi yote, mwili wake unajua kupanga chumvi. Anaingia Mto Zambezi, mpaka wengine humwita kwa jina la mto huo, yupo Ziwa Nicaragua kule Amerika ya Kati, na kwenye Amazon amewahi kufika Peru, maelfu ya kilomita kutoka baharini. Umbali haumsumbui.

Anachoshindwa ni ngazi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nicaragua liko mita thelathini na kitu tu. Papa akitaka kuja Mwanza aanzie Misri, ambako kwanza bahari ile sio makazi yake, agonge Bwawa la Aswan, apite mabwawa na maporomoko ya Sudan, aje akutane na maporomoko ya Kabalega kule Uganda ambapo mto mzima unabanwa kwenye upenyo wa kama mita saba unaanguka zaidi ya mita arobaini, na akishatoka hapo kuna Karuma na mabwawa ya Jinja. Na ushahidi mzuri uko mezani kwenu nyumbani, ni sangara. Sangara alikuwepo Ziwa Albert na Nile ya chini ya Kabalega miaka na miaka, samaki wa kilo mia na zaidi, misuli mitupu, na hakuweza kupanda yale maporomoko. Alikuja huku kwenye miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu watu walimbeba wakamwaga ziwani, na furu wetu wakaliwa aina kwa aina mpaka mamia wakapotea. Kwa hiyo ukisikia mtu anataka kubeba papa wadogo kwenye ndoo aje awamwage Kirumba, hapo nipigie simu.

SWALI: Shangazi mambo vipi, sisi ni vijana sita wa Luchelele, tumenunua kayaki mbili za mtumba na mbao mbili za kusimama na kupiga kasia, tunataka tuanze kukodisha kwa wanafunzi wa chuo na wageni wikiendi. Wazee hapa wanatutisha mamba na viboko. Hatari ikoje kiukweli? Na tuwaambieje wateja bila kuwakimbiza?
Vijana wa Kasia

SHANGAZI: Poa wanangu, hongereni. Wazee wenu hawawatishi, wanawaambia.

Tofauti kubwa ya mamba wa Nile na papa ni kwamba papa akikuuma mara nyingi amekosea akakuachia, mamba hajakosea. Anakuwinda. Anakaa kimya palepale ukingoni kwenye matete na magugu maji, anamsoma anayekuja sehemu ileile saa ileile kila siku, na ndo mana wanaoliwa sio wana michezo, ni mama anayechota maji, mtoto anayeoga, mvuvi anayetembea ndani ya maji akivuta kokoro. Kuna vijiji vya mwambao vimejengewa vizimba vya nondo watu wachotee maji ndani yake, mnaelewa hiyo maana yake nini, binadamu kaingia kizimbani ili mamba abaki nje. Kule Uganda mwaka 2005 walikamata mmoja kwenye kijiji cha Luganga aliyedaiwa kula watu zaidi ya themanini, walimpa jina la Osama. Mkitaka kuwaona bila kulipia na mguu, Kisiwa cha Saanane wapo, hifadhi ya taifa, mnavuka kwa boti kutoka mjini dakika chache.

Kiboko ni habari nyingine. Hali nyama yako lakini ana tani moja na nusu na hasira ya mwenye nyumba. Mchana amezama, unapita juu yake hujui, anaibuka. Jioni anatoka kwenda kula majani, alfajiri anarudi, na ukikaa katikati yake na maji umekaa kwenye mlango wake.

Kwa biashara yenu basi: kabla ya kuchagua mahali pa kuingilia, kaeni na wavuvi wa pale wiki nzima muwaulize wameona nini na lini, wao ndo daftari lenu la Florida. Fungueni saa tatu asubuhi, fungeni saa kumi jioni hata mteja akiwaongezea hela ili apige picha ya machweo, machweo apigie nchi kavu. Kaeni mbali na matete, ingilieni pale maji yalipo wazi na miamba safi, msimruhusu mteja kukaa kwenye ubao miguu inaning'inia karibu na ukingo. Mkipita sehemu mnayoshuku viboko gongeni kasia kwenye kayaki wasikie mnakuja, wengi watapendelea kuwakwepa.

Na msidhani mamba ndo atakayewamaliza wateja. Ni upepo na radi. Ziwa hili mchana linavuta upepo kutoka lenyewe kwenda nchi kavu, usiku unageuka, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unakutana katikati ya ziwa unarusha mawingu juu, kwa hiyo radi za ziwani ni za usiku kwenda alfajiri, na baadhi ya siku ile asubuhi mnaiona imetulia kuna kitu bado kinatembea kwa ndani. Someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wa Ziwa Victoria kila siku, upo. Mkisikia ngurumo hata ya mbali wote nje, na msirudi mpaka ipite nusu saa tangu ya mwisho, mtu aliyesimama kwenye ubao katikati ya maji ndo mti mrefu kuliko yote hapo. Jaketi ni kabla ya kulipa. Asiyetaka kuvaa mrudishieni hela yake na mumuage vizuri. Na namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikeni ubaoni.

Wateja mtawaambiaje? Waambieni hivihivi. Ukimwambia mtu "hapa tunafunga saa kumi kwa sababu ya viboko" hakimbii, anapiga picha ya bango anatuma kwa wenzake.

SWALI: Shangazi samahani, watoto wangu wanacheza ziwani Malimbe kila siku wakitoka shule. Jirani kaniambia nisiwe na wasiwasi wa kichocho, niwaruhusu saa sita mchana tu jua kali linapoua wadudu. Ni kweli?
Mama Mapacha

SHANGAZI: Jirani kageuza. Vile vijidudu vinatoka kwenye konokono vikishapata mwanga na joto, kwa hiyo mchana ndo maji yanakuwa navyo vingi, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache na mtoto hasikii kitu zaidi ya kuwashwa kidogo. Najua utaniuliza, Shangazi umesema jioni kuna mamba na mchana kuna kichocho, niwapeleke saa ngapi sasa? Ndo hivyo mama, ziwa halina saa ya bure. Ila hizi mbili hazina uzito sawa. Mamba hana dawa, kichocho kina dawa. Kwa hiyo mi nachagua mchana, mahali pasipo na majani maana konokono wanakaa kwenye majani na maji yaliyotuama, na baada ya hapo nawapeleka kituo cha afya wapimwe choo. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinagawiwa kwa uzito au urefu wa mtoto, na inaua minyoo iliyokomaa sio michanga, kwa hiyo aliyeogelea jana asikimbilie leo, pima baada ya wiki sita hadi nane. Wanaocheza kila siku kama wako wataupata tena na tena, usichoke kupima. Kikiachwa miaka kinakula ini mpaka mtu anatapika damu, na hilo kwenye kanda yetu sio hadithi, wodi zinawajua.

Maji ya kuogea nyumbani ukiyachota ziwani yaache kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili ndo myatumie, vile vijidudu vikikosa mtu vinakufa. Tena pacha mmoja akikutwa nacho usimuache mwenzie.

SWALI: Shangazi, kampuni yetu inatupeleka Mafia mwezi wa kumi na mbili kuogelea na papa. Nimesema sawa mbele za watu, ila moyoni nimekufa. Nijifanye naumwa?
Muoga wa Buzuruga

SHANGAZI: Usijifanye chochote, huyo ni papa potwe. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anapita mita kumi na mbili, na anakula vijidudu vidogo vya majini kwa kuchuja, mdomo mpana kama mlango wa gereji lakini koo haliwezi kukupitisha. Mafia wanaonekana hasa Oktoba mpaka Machi karibu na Kilindoni. Usimguse, usimpande, kaa pembeni mbali na mkia maana mkia ule ukikupiga kwa bahati mbaya utakuwa umeumizwa na mlaji wa uji. Angalia zaidi boti yenu na za wenzenu, zinavyojikusanya kumzunguka mnyama mmoja propela zinakuwa nyingi, na usiruke mpaka nahodha azime injini.

Kama hujui kuogelea sema mapema, vaa jaketi, mshike mwongozaji. Hilo ndo la kumwambia bosi mbele za watu. Na yule baba wa Nyakato kama safari imepona, akitoka Paje apite Darajani anichukulie papa mkavu kipande kimoja tu, hela nitamtumia.